Tundu

Walukuba, Jinja. Jumamosi ya pili ya mwezi
milango hufunguliwa umande ungali juu ya mabati.
Hakuna tiketi. Unapiga hodi, unavua viatu,
unaambiwa: angalia usimwage chai ya mtoto.

Kwa Mama Kagoya, kaseti arobaini na moja
zimo katika sufuria lisilopikiwa tena.
Huinua kifuniko kama anayeonja mchuzi.
Wino mwekundu: UPANDE B. 1994. USIFUTE.
Kuna aliyefuta. Katikati ya vina
huingia sauti ya padri, dakika mbili za mazishi,
kisha vina hurudi kama havikusikia msiba.
"Hata kufutwa kwake nimekutunza," asema.

Nyumba ya tatu, fundi Owori:
redio tumbo wazi,
na betri sita alizozianika juani
tukanyonya humo wimbo mmoja zaidi.
Hapa ndipo tulipowasikia weusi wa ng'ambo
wakisema mbio mbio kama mnada wa samaki Masese.
Maneno hatukuyaelewa. Hasira tuliielewa.
Baba yangu, miaka ishirini na miwili kiwanda cha nguo,
alitega sikio, akasema:
hiyo ni mashine ya kufumia, zamu ya usiku,
mdundo huo naujua kwa magoti.

Nami nikawaza: ngoma yetu ilivushwa maji bila ngozi,
huko wakaipiga kifuani, mezani, kwenye debe,
wajukuu wa waliouzwa wakaikwaruza juu ya santuri,
ikarudi kwetu ndani ya plastiki,
shilingi mia tano, haina hata begi.

Nilighani kwa Kisoga, kisha kwa Kiswahili.
Bibi akafunga dirisha. Lugha ya askari hiyo,
lugha iliyokuja na taa za gari kuulizia wanaume.
Nikamwambia, nimeipokonya bunduki, bibi,
sasa inabeba vina.
Hakufungua.
Ila mwaka uliofuata nilimsikia akichambua mchele,
akirudia kiitikio changu chinichini,
akikikosea.

Nyumba ya mwisho ni ya Naigaga.
Ukutani pana kadibodi la friji,
maandishi ya SHIKA KWA UANGALIFU yamefifia,
na katikati tundu, duara kamili.
Hapo kaka yake, Tenywa, alizungukia kichwa
kila jioni, miguu mbinguni,
mpaka karatasi ikasalimu amri.
Yeye hayupo. Homa ilimchukua kabla ya mvua za Aprili.

Siku moja alikuja bwana wa makumbusho kutoka Kampala,
glavu nyeupe, futi mkononi.
Akapima kingo za tundu, akaandika:
imeharibika.
Naigaga akacheka mpaka akakaa chini.
"Kadibodi lilitengenezwa na kiwanda," akasema.
"Tundu lilitengenezwa na kaka yangu.
Wewe unataka kipi?"

Bwana akaahidi sanduku la kioo,
hewa baridi, taa ndogo, jina kwa herufi za shaba.
"Na mtoto akitaka kutia kichwa humo?"
Bwana akazitazama glavu zake.
"Basi," akasema Naigaga, kwa upole kabisa,
akamwongezea chai.

Saa kumi na moja hulishusha ukutani,
hulitandika uani, kati ya kamba ya nguo na choo.
Leo ni zamu ya Nekesa, miaka tisa.
Ametia utosi ndani ya duara, limemtosha,
akainuka kama mche uliopandwa kichwachini.
Akazunguka mara mbili, akaanguka, akalaani, akarudia.
Bwana wa Kampala amemshikia ndara zake,
glavu zimo mfukoni.

Mimi nilikuwa nikitazama chini.
Pale palipo tundu, udongo wenyewe
umeanza kubonyea.
Huo hatujui tutautundika wapi.